Si kila doa ni la maji: kasoro za enameli katika meno ya watoto

Mtoto ana miaka saba, yuko darasa la pili, kwao ni Usa River, mkoani Arusha. Mama yake amemleta kwa daktari wa meno kwa sababu mbili: amegoma kupiga mswaki upande wa kushoto, na akinywa maji ya baridi analia. Daktari anamtazama kinywani, anaona meno ya mbele yenye michirizi myeupe na hudhurungi, anatabasamu kama aliyekutana na jirani yake sokoni. "Haya ni maji tu, mama. Huku kwetu ndivyo yalivyo." Analiziba gego lililotoboka, anaandika kwenye faili neno floraidi, yaani yale madini yaliyomo kwenye maji ya huko, kazi imekwisha. Miezi minne baadaye kizibo kimedondoka, na mtoto akisikia tu habari ya hospitali anaingia uvunguni.

Mtoto huyu nimemtunga, lakini daktari wa watoto yeyote aliyewahi kushika kioo cha meno anamjua. Kosa lililofanyika halikuwa la mkono. Kuziba kulizibwa vizuri. Kosa lilikuwa kwenye ile sentensi ya "haya ni maji tu", kwa sababu kinywani mwa mtoto yule mlikuwa na matatizo mawili yanayofanana kwa rangi, na moja lilijificha nyuma ya lingine.

Tuanze na enameli yenyewe, maana bila kujua inavyotengenezwa mengine yote yatakuwa kama majina ya dawa tu. Enameli ni lile tabaka la nje la jino, na hakuna kitu kigumu zaidi yake mwilini. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Inatengenezwa na seli maalumu, ameloblasti, jino likiwa bado limefukiwa ndani ya taya. Kwanza seli hizo humwaga ute wenye protini nyingi na kuupa umbo la jino. Kisha huanza kuondoa protini na kuingiza kalisi na fosfeti, kidogo kidogo, mpaka ute ule ugeuke kitu kinachoweza kuvunja mfupa wa kuku. Jino linapochomoza kwenye fizi, seli zile zimekwishakufa. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikikatwa hufunga, lakini enameli haina fundi wa kurudi kazini.

Kwa hiyo kuna namna mbili za kuharibika tangu mwanzo, na ni vizuri kuzitenganisha kichwani. Fikiria tofali za kuchoma. Namna ya kwanza ni pale tofali zilipoisha kabla ukuta haujakamilika: enameli ni pungufu, jino lina vishimo, mifereji au sehemu isiyofunikwa kabisa. Namna ya pili ni pale tofali zilipotosha, ukuta ukafika kimo chake, ila tofali hazikuiva tanuruni. Jino linatoka na umbo kamili, laini juu, lina doa tu, halafu mtoto anaanza kulitafunia na linamong'onyoka. Namna hii ya pili ndiyo inayowadanganya watu, kwa sababu mzazi anaapa, na anasema kweli, kwamba jino lilitoka zima.

Jambo la pili la kushika ni kalenda. Gego la kwanza la ukubwani, lile linaloota nyuma kabisa mtoto anapofikisha miaka sita, huanza kupata madini karibu na siku ya kuzaliwa, na kichwa chake hukamilika mtoto akiwa na miaka kama mitatu. Meno mawili ya kati ya mbele ya juu ya ukubwani huanza katika mwezi wa tatu au wa nne. Doa unaloliona leo kwa mtoto wa miaka saba liliwekwa alipokuwa ananyonya au anajifunza kutembea. Kumuuliza mama mtoto amekula nini mwezi uliopita ni kupoteza muda. La kuuliza ni mwaka ule wa kwanza ulipitaje.

Sasa hayo maji. Bonde la Ufa limejaa miamba ya volkano inayotoa floraidi, na maji yanayopita humo hubeba madini hayo mpaka kwenye visima na chemchemi. Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Singida upande wa Tanzania, Nakuru na maeneo jirani upande wa Kenya, ni nchi ya meno ya hudhurungi. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania, kwa kuwa sehemu nyingine hazikuwa na maji mengine ya kuchota, katika miaka ya 1970 iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini; baadaye kikomo kikashushwa hadi 4, kisha 1.5. Juu ya maji kuna magadi, yanayotumika kulainishia maharage na makande, nayo hubeba floraidi yake mwenyewe. Na kuna jambo ambalo kila mara inabidi lirudiwe: kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hubaki ndani ya sufuria, kwa hiyo kiasi chake kwa kila lita huongezeka. Kinachosaidia ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa, kazi ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimeifanya kwa miaka mingi, au kumtafutia mtoto mdogo maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi. Maziwa ya mama nayo hubeba floraidi kidogo mno hata kama yeye mwenyewe anakunywa maji ya kisima. Maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayohayo ni habari nyingine.

Floraidi ikizidi wakati jino linajengwa, enameli hubaki na vinyweleo vidogo. Madhara haya huitwa florosisi. Mara nyingi jino hutoka na michirizi au mawingu meupe. Hudhurungi huja baadaye, rangi ya vyakula na vinywaji inapojipenyeza. Na kwa kuwa floraidi hupita kwenye damu, inayafikia meno yote yanayojengwa kwa wakati mmoja. Jino la kulia na mwenzake wa kushoto hufanana kama pacha. Mtu mzima aliyehamia Arusha akiwa na miaka thelathini hapati florosisi ya meno hata akinywa maji ya huko hadi uzeeni, kwa sababu meno yake yalishajengwa kwingine.

Tatizo la pili halina jina la mtaani. Wataalamu hulifupisha MIH, kutoka Kiingereza molar incisor hypomineralisation. Maana yake ni upungufu wa madini katika magego ya kwanza ya ukubwani, mara nyingi pamoja na meno ya mbele. Waswidi waliliona kwa wingi miongoni mwa watoto waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini jina linalotumika leo lilipendekezwa mwaka 2001, na vigezo vya kulitambua vilikubaliwa Athens mwaka 2003 chini ya chama cha madaktari wa meno ya watoto cha Ulaya. Tarehe hizo si pambo. Daktari aliyehitimu mwaka 1998 hakufundishwa neno hili chuoni, kwa sababu halikuwepo.

Wala si jambo la Ulaya tu. Tafiti zilizokusanya takwimu kutoka nchi nyingi hukadiria kwamba kati ya watoto 100, kama 13 au 14 wanalo. Uchunguzi uliofanyika vijijini Kenya kwa watoto wa miaka sita hadi minane, na kuchapishwa mwaka 2008, ulipata takribani kiwango hichohicho. Kwa darasa la watoto hamsini, hao ni sita au saba.

Chanzo chake hakijafungwa kwa jibu moja. Kinachotajwa mara kwa mara ni maradhi ya miaka mitatu ya kwanza: homa kali, nimonia, masikio, shida wakati wa kuzaliwa, pamoja na urithi. Antibayotiki zimeshukiwa, ila ni vigumu kutenganisha dawa na ugonjwa uliosababisha dawa itolewe. Mama haoni faida yoyote ya kuambiwa kwamba angefanya hivi au vile. Pipi hazisababishi MIH. Kutopiga mswaki hakusababishi MIH. Hayo huja baadaye kulimaliza jino ambalo tayari lilitoka dhaifu.

Je, utaitofautishaje MIH na florosisi? Hapa ndipo jicho linapopaswa kutulia. Doa la MIH lina mpaka. Unaweza kulizungushia kalamu: huku jino zima, huku doa jeupe, la rangi ya malai, la njano au hudhurungi. Doa la florosisi limesambaa, limeyeyukia pembeni kama wingu, hujui linaanzia wapi. MIH haina haki: gego la chini kushoto limebomoka na mwenzake wa kulia hana kovu. Florosisi hugawa sawa pande zote. Doa la mwanzo la kuoza, kwa upande wake, hukaa pale ukoga unapokaa, yaani kando ya ufizi au kwenye mifereji ya gego. Ukikuta gego la mtoto limeoza kwenye ncha ya juu, mahali ambapo ulimi na chakula hupasafisha kila siku, jiulize mara mbili. Kuoza kwa kawaida hakuanzii hapo. Na kama meno yote ya utoto na ya ukubwani yana kasoro, na shangazi au babu naye alikuwa nayo, hapo fikiria kasoro za kurithi, ambazo ni nadra.

Kuna aina nyingine ambayo sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kuipita. Katika miaka ya 1980 ilienea Tanzania imani ya "meno ya plastiki": mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, uvimbe mweupe kwenye ufizi, ambao ni chonge za utotoni zinazojiandaa kuota, huonekana ndiyo ugonjwa, na mtu huja kuuchokonoa kwa msumari, wembe au ncha ya chuma kingine. Uganda wanaita ebiino. Watoto wamekufa kwa kutoka damu na maambukizi. Walionusurika hukua bila chonge, au na jino la jirani lenye enameli iliyopinda na kutoboka, kwa sababu kile chuma kiligusa chipukizi la jino lililokuwa bado linajengwa. Kwa hiyo daktari anapoona kasoro kwenye jino moja tu karibu na pengo la chonge, anapaswa kuuliza kwa upole, bila kumfokea bibi aliyekaa pembeni. Jibu mara nyingi lipo chumbani humohumo.

Sasa turudi kwa madaktari. Tangu utafiti wa kwanza wa dodoso uliowauliza madaktari wa meno ya watoto wa Ulaya kuhusu MIH mwaka 2003, maswali ya namna hiyo yameulizwa Australia na New Zealand, Iraq, Malaysia, Saudi Arabia, Kuwait na kwingine. Ukisoma tafiti hizo kwa pamoja, kuna wimbo mmoja unaojirudia. Karibu kila daktari anasema ameyaona meno haya. Wachache zaidi wanasema wanajiamini kuyatambua. Ukiuliza chanzo, majibu yanatawanyika. Ukiuliza watatibu kwa nini, yanatawanyika zaidi. Waliobobea kwenye meno ya watoto hujiamini kuliko madaktari wa kawaida, na wengi huomba mafunzo zaidi. Mimi huona jibu la mwisho ni la kutia moyo kuliko yote. Mtu anayeomba mafunzo anajua pengo liko wapi.

Ila dodoso lina udhaifu wake. Linapima daktari anachosema, si anachokiona mtoto anapofungua kinywa. Na kuna hatari ambayo dodoso la Ulaya halitaiuliza: mazoea. Daktari wa Stockholm akiona doa la hudhurungi anashtuka. Daktari wa Arusha ameona mia tangu Jumatatu. Kadiri florosisi inavyozidi kuwa ya kawaida, ndivyo MIH inavyozidi kupata maficho, na ndivyo yule mtoto wa Usa River anavyozibwa jino kwa mtindo wa jino la kawaida.

Kwa nini mtindo huo haufai? Kwa sababu jino la MIH si jino la kawaida lenye tundu. Enameli yake ina protini iliyobaki na vinyweleo vinavyopitisha baridi na moto hadi karibu na mshipa. Mshipa huo uko kwenye uvimbe wa kudumu. Kiswahili kina neno zuri hapa, ganzi, linalobeba mambo mawili yanayopingana: jino likigusa embe bichi "linatia ganzi", maana yake linauma vibaya, na daktari akikuchoma "sindano ya ganzi" maana yake husikii kitu. Kwa mtoto mwenye MIH ganzi ya kwanza huishinda ya pili. Sindano haishiki vizuri, daktari anaanza kuchimba akiamini imeshika, mtoto anaruka kitini, na anaambiwa ni mwoga. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watoto wenye MIH kali, walipofika miaka tisa, magego yao ya kwanza yalikuwa yametibiwa karibu mara kumi zaidi ya watoto wenzao, na hofu yao ya daktari ilikuwa kubwa zaidi. Hawakuzaliwa waoga. Walifundishwa.

Pili, dawa za kuzibia zinazogandishwa kwa gundi huhitaji enameli imara ya kushikilia. Ukiziba huku kingo zako ziko kwenye enameli laini, ni sawa na kupiga plasta kwenye ukuta wa udongo mbichi. Itakaa, halafu itaondoka na kipande cha ukuta. Ndiyo maana kizibo kilidondoka baada ya miezi minne.

Kinachofanyika badala yake hutegemea jino limefikia wapi. Kama lina doa tu na halijamong'onyoka, hupakwa vanishi ya floraidi kila baada ya miezi michache na mifereji yake hufunikwa. Linapoanza kumong'onyoka na mtoto bado mdogo, saruji ya glasi ayonoma ni mkombozi mzuri: inashika hata penye unyevu na haihitaji mashine kubwa. Sisi hatuna sababu ya kuiona ngeni. Mtindo wa kusafisha jino kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme, na kuliziba kwa saruji inayoshikamana na jino, ulianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, katika mradi wa afya ya kinywa kwa jamii, kabla haujaenea duniani. Glasi ayonoma na dawa ya fedha na floraidi, ile inayotuliza jino na kusimamisha kuoza lakini huacha weusi, ziliingizwa mwaka 2021 kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Weusi kwenye gego la nyuma wazazi wengi huuvumilia wakielezwa mapema. Wakishtukizwa nyumbani, wanarudi na hasira, na wana haki.

Gego lililobomoka zaidi huvikwa kofia ya chuma iliyotengenezwa tayari. Haipendezi, lakini inamfanya mtoto ale upande huo tena, na ndicho alichokuja kutafuta. Ikishindikana, linang'olewa, ila kung'oa nako kuna majira yake. Mtoto akiwa na miaka minane hadi kumi, mizizi ya gego la pili ikiwa ndiyo inaanza kugawanyika ndani ya taya, jino hilo la nyuma linaweza kusogea mbele lenyewe na kuziba pengo. Ukichelewa mpaka miaka kumi na miwili, pengo hubaki au jino hulala. Picha ya eksirei ya taya nzima ndiyo inayosema wakati umefika. Kliniki nyingi hazina mashine hiyo, na hapo barua ya rufaa ina thamani kuliko koleo.

Meno ya mbele ni suala la uso, na uso wa mtoto wa miaka kumi anayechekwa shuleni si jambo dogo. Madoa mepesi ya florosisi hupunguzwa kwa kusugua tabaka jembamba la juu kwa asidi na unga maalumu. Madoa ya MIH huwa na kina zaidi, na kusugua peke yake mara nyingi hakufiki. Tena tunarudi palepale: ukikosea jina, unakosea dawa.

Limebaki swali moja ambalo mama wa Usa River lazima ataliuliza, na daktari asipokuwa tayari atapoteza imani yake. "Daktari, umesema floraidi ndiyo iliyomharibu meno. Sasa mbona unampaka floraidi?" Ni swali la akili kabisa. Jibu ni kwamba floraidi inayomezwa na mtoto mdogo, kila siku kwa miaka, huvuruga jino linalojengwa ndani ya taya. Inayopakwa juu ya jino lililokwishaota haiwezi kulivuruga tena, kwa sababu kazi ya ujenzi imekwisha. Inachofanya ni kuimarisha uso wake. Kwa hiyo dawa ya meno yenye floraidi inabaki kuwa ya lazima hata Arusha, ila kwa kipimo: chini ya miaka mitatu kiasi cha punje ya mchele, kuanzia mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere, mzazi mwenyewe ashike mswaki, mtoto ateme.

Kuna dalili ya mapema ambayo haigharimu kitu. Magego ya mwisho ya utotoni hupata madini yake katika kipindi kinachopishana na kile cha gego la kwanza la ukubwani. Mtoto wa miaka mitatu au minne mwenye madoa yenye mpaka kwenye magego hayo yuko katika hatari zaidi ya kupata MIH miaka sita itakapofika. Daktari aliyeliona anaweza kumwambia mzazi amrudishe gego jipya linapochungulia tu, kabla halijaanza kutafuna.

Tuseme mtoto wetu amerudi, ametolewa uvunguni kwa ahadi ya biskuti, ameketishwa kwa daktari mwingine. Huyu hashiki mashine. Anafuta meno kwa pamba, anavuta taa karibu, anahesabu. Meno ya mbele: mawingu meupe, yamesambaa, kulia sawa na kushoto. Gego la chini kulia: wingu hilohilo, zima. Gego la chini kushoto: doa la njano lenye ukingo, ncha imevunjika. Anamuuliza mama, "Alipokuwa mdogo, kabla hajafikisha mwaka, aliumwa?" Mama anafikiri kidogo. "Alilazwa na nimonia, akiwa na miezi minane. Wiki mbili." Daktari anachukua faili, anakuta lile neno moja la mwanzo, na chini yake anaongeza mstari wa pili.